Kipima Joto cha Pili

4 Februari

Chiriku wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye bado hajafa, ingawa goti lake la kushoto limeshaanza kuaga. Mama yako hajambo. Juzi alinifuata na kikapu kizima cha nguo zisizo na vifungo, eti kwa kuwa mimi ni fundi. Nikamwambia, dada yangu, mimi ni fundi wa mashine za hospitali. Akasema kifungo nacho ni mashine ndogo. Nimevishona. Mdogo wako amehamia ghorofa ya nne na kila ngazi anaitolea malalamiko yake. Sisi wengine tunasukuma siku.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Nimeshasema, watu wa siku hizi mnanong'ona. Kwenye karatasi hamna pa kunong'onea.

Sasa nisikilize. Unazikumbuka zile mashine mbili za kupashia watoto joto zilizoletwa wodi yetu Oktoba, zenye nembo ya kiwanda chenu? Siku zilipofunguliwa nilimwambia sista wa wodi, nikamwambia mfagizi, nikamwambia hata dereva aliyeleta mzigo, kwamba ndani ya hizi kuna mkono wa mpwa wangu niliyemfundisha kulehemu akiwa hajafika kimo cha meza. Nilijisifu mpaka mwenyewe nikaona haya.

Tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, asubuhi, mtoto njiti wa siku nane aliungua mgongoni akiwa ndani ya moja ya hizo. Hakufa. Nalitanguliza hilo ili upumue. Kile kipima joto kinachobandikwa kwenye ngozi kilibanduka, kikawa kinapima hewa, mashine ikadhani mtoto amepoa, ikaongeza moto. Kubanduka ni jambo la kawaida, watoto wanachezesha miguu. Ndiyo maana kuna kipima joto cha pili juu ya godoro: moto ukizidi, hita inakatwa na kengele inalia. Hita haikukatwa. Muuguzi wa zamu alikuwa hatua kumi kutoka pale, anaapa hakukulia kengele yoyote, na masikio yake ni mazima.

Nimeifungua. Waya wa kipima joto cha pili haujakatika. Nimekipima kwa mita, kizima. Umeme unafika. Kengele yenyewe ukibonyeza kitufe cha majaribio inalia. Safari hii nilimwita muuguzi asikilize pamoja nami. Kila kitu kipo mahali pake, ila mashine imekaa kama haijawahi kusikia habari za kipima joto cha pili. Enzi zetu waya ukifika, umefika. Katika haya madude yenu yenye kompyuta tumboni, nani huiambia mashine ndani yake mna nini?

Nijibu kwa kirefu. Siku hizi nina nafasi ya kusoma.

Mjomba wako

*

26 Februari

Mjomba, shikamoo,

Barua yako imenifikia salama, na nimelisomea goti lako dua. Mimi ni mzima. Chumba changu kipya kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo naujua ule ukuta kuliko ninavyomjua jirani. Kazini tumepandishwa juu toka mwaka jana, tumetengwa na watu wa manunuzi kwa kioo tu, wanaona tunavyokula na sisi tunaona wanavyosinzia. Mwambie Mama blauzi imefika. Imenibana shingoni, kwake yeye bado nina miaka kumi na miwili.

Pole kwa lililotokea, Mjomba. Pole sana. Barua nimeisoma nimesimama. Huyo mtoto anaendeleaje? Kidonda kimeanza kukauka?

Umeuliza nani huiambia mashine. Ngoja nikueleze kama ulivyokuwa ukinieleza mimi redio, kuanzia kwenye waya.

Mle ndani kuna bodi, na juu ya bodi kuna chip kuu, na ndani ya chip kuu unaendeshwa mfumo wenye kitu tunachokiita kiini. Kiini ndicho bwana mkubwa. Programu ikitaka kujua joto, haigusi kipima joto, inakiomba kiini. Sasa, kwenye kompyuta ya mezani ukichomeka kipanya, kipanya chenyewe hujitambulisha: hodi, mimi ni kipanya. Vifaa vya kwenye bodi yetu ni mabubu. Kipima joto hakijui kubisha hodi. Kiini kinapoamka hakijui hata kama kina kengele.

Kwa hiyo tunakiandikia. Kabla hakijaamka tunakiwekea maandishi yanayosema bodi hii imeundwaje: chip kuu ni ya aina hii, kutoka kwake inatoka njia ya waya mbili, kwenye njia hiyo, anwani ya arobaini na nane, kuna kipima joto cha ngozi, anwani ya arobaini na tisa, cha godoro, mguu wa kumi na saba wa chip ni wa kengele. Yamepangwa kama mti, shina na matawi, na kila tawi lina mstari wa hali: kifaa kinatumika, au kimezimwa. Kiini hakibishi, Mjomba. Ni kama mtunza stoo mpya aliyepewa orodha na kufungiwa mlango: kilichoandikwa kipo, kisichoandikwa hakipo. Ukiandika kifaa kimezimwa, atakipita bila hata kukitupia jicho, hata kama kimesimama mbele yake kizima.

Ni kazi ninayoipenda. Nafikiri kwa sababu yako. Hapa hawana mambo yako ya uzi mwekundu, kwamba kila waya unaouchomoa kwa majaribio ujifunge uzi mkononi, na hakuna kunawa kwenda nyumbani mpaka uzi umefunguliwa. Wangeniona na nyuzi mkononi wangesema nimeanza kutembelea waganga.

Maandishi ya mashine moja hupitia mikono ya watu wengi. Nitauliza kazini. Tafadhali usiifungue tena kabla sijakuandikia.

Mpwa wako

*

17 Machi

Chiriku,

Marahaba. Tu wazima. Mama yako nilimsomea barua yako, akasinzia kwenye anwani ya arobaini na nane. Mimi nimeisoma mara tatu na nimeielewa, kwa hiyo hongera, umekuwa mwalimu.

Mtoto bado yuko wodini, wiki hii ameongezeka gramu mia mbili. Kovu litabaki. Mama yake ni fundi cherehani. Huja kila siku, na muda ambao haruhusiwi kuingia hukaa kwenye benchi la nje akikunja pindo za nguo za watu, kazi haimsubiri. Kila akiniona ananiuliza, "Fundi, ilikuwaje?" Namjibu tunachunguza. Ananitazama, anarudi kwenye pindo zake. Hospitali imeunda kamati, watu watano na chupa za maji.

Nina maswali mawili. La kwanza: kwenye maandishi ya mashine yetu, tawi la kipima joto cha pili, mstari wake wa hali unasemaje? Usiniambie habari za watu wengi. Wewe ukiulizwa nani kavunja kikombe ndipo husema watu walikuwa wengi, toka ungali mdogo.

La pili ni la kizee: mtu akichomoa waya kwa maandishi, uzi anafunga wapi?

Mjomba

*

29 Aprili

Kwako Chiriku uliyegeuka bubu,

Hatujambo.

Nimehesabu siku arobaini na tatu. Kuna kipindi nilikuwa nakulipa peremende ili ufunge mdomo dakika tano. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo nimeshausikia, usihangaike kunitafutia maneno. Ulinieleza kila tawi la ule mti ila hukunieleza nani aliandika.

Juzi kamati iliniita. Wakaniuliza, mtu wa mwisho kuifungua ile mashine kabla ya ajali ni nani? Ni mimi, siku tisa kabla, kwenye ukaguzi wa mwezi. Wakauliza, inawezekana ulipoirudishia hukuchomeka vizuri? Nikasema inawezekana. Wakaandika, nikatia saini. Kosa ni la fundi. Limekwisha.

Usianze kupiga kelele. Mimi nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, wewe umebakiza miaka thelathini ya kazi. Hesabu hiyo haihitaji mita. Na nina sababu nyingine ambayo haikuhusu.

Wewe nyamaza. Mashine zetu mbili niliziweka stoo na kuzifungia tangu Januari. Zilizobaki huko kwingine zirekebishe kimyakimya ukiwa hapo hapo ulipo. Si siku hizi mnatengeneza vitu kwa hewani?

Mjomba wako

*

8 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za ukuta wala za blauzi.

Mstari unasema kimezimwa. Niliuandika mimi.

Nilijua siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika. Niliiweka mezani, nikafungua faili, nikashuka hadi anwani ya arobaini na tisa, na lile neno lilikuwa pale. Faili zetu huweka kumbukumbu ya nani ameandika mstari gani na siku gani. Hakuna watu wengi. Kuna mimi, Jumanne moja ya mwezi wa nane. Halafu nikakuandikia ule mhadhara wote wa mtunza stoo, nikajiona nina adabu kwa sababu sikusema uongo hata mmoja. Mjomba, nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa mpaka usingizini nasikia mtu wa posta akibisha hodi.

Ilikuwa hivi. Bodi ya majaribio ilikuwa mezani kwangu, na kipima joto cha pili kilikaa ubavuni mwa kifaa cha umeme kinachopata moto. Kwa hiyo kengele ikalia. Ikalia siku nzima. Yule wa manunuzi akagonga kioo, akaja mlangoni, akasema, "Dada, ama kengele ama sisi." Nikasema sawa. Nikaandika kimezimwa ili nifanye kazi nyingine, nikajiambia nitakirudisha kesho. Kesho msimamizi akasema faili zote zikabidhiwe. Mwenzangu aliyenikagua alilinganisha na mashine yetu ya zamani, ambayo ilikuwa na kipima joto kimoja tu, akaona vinafanana, akapitisha. Programu nayo imetengenezwa itumike kwenye zote mbili: ikikuta cha pili kipo, inalinganisha, isipokikuta, inaendelea na safari. Haikukikuta.

Uliniuliza uzi ningefunga wapi. Mkononi, kama siku zote. Sikufunga kwa sababu hapakuwa na waya, palikuwa na neno, nikaona neno si kitu.

Sasa nije kwako, na unisamehe, maana nimekasirika. Nani alikuomba uniokoe? Umewaza mimi na miaka yangu thelathini, hukuwaza kuhusu mashine. Ziko arobaini na mbili, katika hospitali kumi na tisa. Haziingii kwenye mtandao wowote, tulizifunga hivyo makusudi ili zisichezewe. Hewani hakuna kitu. Ni lazima mtu aende na kadi ya kumbukumbu, azime mashine, abadilishe maandishi, apashe moto kipima joto, asikie kengele kwa masikio yake. Hakuna namna ya kulifanya hilo kimyakimya. Kwa hiyo saini yako ingenifunika mimi na kuwaacha watoto arobaini chini ya zile hita. Na mimi nimewaacha hivyo miezi miwili na nusu, bila saini. Sikusemi wewe tu.

Mama ndiye aliyenifungua macho. Alinipigia akaniambia umesimamishwa kazi tangu Januari, na kwamba kila asubuhi unavaa vizuri, unakwenda kukaa kwenye lile benchi la nje ya wodi. Wewe uliniandikia una nafasi ya kusoma.

Leo asubuhi nilimwekea msimamizi karatasi mezani, mstari ule nimeupigia wino. Aliusoma, akavua miwani, akausoma tena. Mchana hospitali zote zilikuwa zimepigiwa simu, mashine zisitumike. Nitazunguka na kadi mimi mwenyewe pamoja na fundi wa kiwanda, mpaka ya mwisho, kisha ndipo wataamua juu yangu. Nimeiandikia na kamati yenu. Kafute saini yako.

Kuna jambo moja tu sijalielewa. Kitabu cha mashine kinasema kila mwezi fundi akiwekee kipima joto cha pili kikombe cha maji ya moto hadi kengele ilie, aandike matokeo. Mashine mmekuwa nazo toka Oktoba. Mjomba, ile kengele haikuwa na namna ya kulia. Daftari lako linasemaje?

Chiriku

*

23 Mei

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Analia kisha anapika, anapika kisha analia, na chakula kinamtoka kizuri ajabu.

Daftari linasema imelia. Novemba imelia, Desemba imelia, Januari imelia. Mwandiko ni wangu, na saini pia, ile ya mbwembwe.

Ile sababu niliyokuambia haikuhusu ni hii. Mwaka wa tatu huu sisikii sauti nyembamba. Sauti nzito nazipata, ya mlango, ya mdogo wako akishuka ngazi. Kengele za mashine nilianza kuzikosa moja moja. Miaka thelathini nimeziweka sikioni, zimenilipa. Nikajua siku sista akilijua hili, fundi wa kengele asiyesikia kengele, nitafungashwa virago siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nikasema watu wananong'ona. Nimelisema mara nyingi mpaka nikakaribia kuliamini.

Novemba niliweka kikombe cha maji ya moto. Nikangoja. Sikusikia kitu. Nikajiambia, kengele inalia, ni wewe mzee usiyesikia. Muuguzi alikuwa pale, amenipa mgongo, anakunja shuka. Ningemwuliza tu, "Umesikia?" Neno moja, Chiriku. Angesema hapana, nami ningekuandikia Novemba, na yule mtoto alikuwa hata hajazaliwa. Sikumwuliza, kwa sababu kumwuliza ni kujitangaza. Nikaandika imelia. Mwezi uliofuata nikaandika tena, na tena, na ya Januari ni siku tisa kabla.

Kwa hiyo saini yangu kwenye kamati haikuwa ya kukuokoa tu, usinivike kilemba kisicho changu. Nilijua nina kosa, ila sikutaka lijulikane ni kosa gani. Nilikubali kuitwa mzembe wa waya ili nisiitwe kiziwi mwongo. Naona aibu. Nakuandikia wewe mtoto niliyekufunga uzi wa kwanza mkononi, na naona aibu ambayo sijapata kuiona maishani mwangu.

Jana nilirudi kwenye kamati nikawaambia yote. Chupa za maji hazikuguswa.

Kisha nikaenda kwa yule mama. Mtoto amesharuhusiwa, wanakaa nyuma ya chumba chake cha kushonea, mtaa wa pili kutoka hospitali. Nikamwambia ilivyokuwa, kwako na kwangu. Alinisikiliza akiwa na sindano mdomoni. Alipoitoa alisema kwa sauti kubwa, nadhani alishanishtukia: "Huyo binti aje anionyeshe huo mstari. Simtaki na zawadi. Aje nao. Na wewe lete wako."

Mashine zetu zifanye za mwisho.

Mjomba wako

*

13 Julai

Chiriku,

Natumai ulifika salama, na kwamba lile gari ulilokimbilia kama mwizi lilikungoja. Mama yako anasema umekonda. Mimi nasema umerefuka, tukagombana.

Nimepimwa masikio. La kulia ni pambo. La kushoto lina nusu. Nimepewa kidude cha kuvaa, nacho kinanifanya nimsikie mama yako akitafuna kutoka chumba cha pili. Dunia ina makelele jamani, nilikuwa nimesahau. Hospitali imeniondoa kwenye ukaguzi. Nitamalizia miezi yangu stoo, nikihesabu misumari. Ni haki yao.

Yule muuguzi aliyesimama nasi siku ile ulipobadilisha maandishi ya mashine zetu anakusalimia. Ulipoweka kikombe, kengele ikalia, ukaniangalia mimi. Nikakwambia mbele ya watu wote, "Mimi sisikii, mwulizeni yeye." Akasema, "Inalia, Fundi, tena sana." Nimekaa na hayo maneno wiki mbili.

Sasa nina jambo, na ndilo hasa la barua hii. Siku ile ile jioni, kule kwa yule mama. Wewe ulikuwa kwenye kigoda, mimi mlangoni. Karatasi yako na ukurasa wa daftari langu vilikuwa juu ya meza ya cherehani, ubavu kwa ubavu. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi kwenye lundo la vitambaa. Yule mama akavitazama vile vipande viwili, kimoja baada ya kingine. Halafu akainama kutunga uzi kwenye sindano, na akiwa ameinama hivyo akazungumza. Alizungumza sana. Wewe ulikuwa unalia. Mara tatu aliinua macho kunitazama, na mara zote tatu nikaitikia kwa kichwa.

Sikusikia hata neno moja, Chiriku. Ilikuwa kabla ya kidude. Niliona aibu kumwambia arudie, baada ya yote yale, tabia haifi kwa siku moja. Lakini nimechoka kuitikia nisichokisikia. Kwa hiyo nauliza kama nilivyopaswa kumwuliza yule muuguzi Novemba: alisema nini?

Mjomba

*

25 Julai

Mjomba, shikamoo,

Gari lilinisubiri, na dereva akanisema njia nzima. Ijumaa kiwandani walinipa barua fupi ya kuniachisha kazi. Sikubisha. Nimekwenda kwenye karakana moja ya redio karibu na ninapokaa, nitaanza Jumatatu, na nimewaambia habari ya uzi mwekundu kabla hawajaniuliza jina. Wamecheka, lakini wamenunua uzi.

Nilidhani ulisikia. Ulikuwa unaitikia kwa heshima kubwa, mpaka mimi nikapata nguvu.

Alianza na karatasi yangu. Akauliza ni neno lipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Hili tu?" Nikasema ndiyo. Akasogea kwenye ukurasa wako, akauliza, "Na hili?" Akaweka kidole kwenye lile neno imelia la Januari. Akasema, "Maneno mawili. Mimi nikikosea kipimo cha nguo nafumua."

Hapo ndipo alipoinama kutunga sindano. Akasema mtoto huyu atakua, na siku moja atajitazama mgongo kwenye kioo, aulize nani. Akasema hospitali imempa karatasi iliyoandikwa hitilafu ya mashine. "Nikimwambia mwanangu ni mashine," alisema, "nitakuwa mwongo wa tatu baada yenu wawili. Sitaki kumwambia mimi kwa mdomo wangu, maana nitamwambia kwa hasira yangu. Basi andikeni nyinyi. Kila mtu barua yake, kwa mkono wake, mmwambie mlifanya nini na kwa nini. Nitazitunza mpaka ajue kusoma." Akakutazama, akasema, "Na wewe Fundi, utaandika?" Ukaitikia. Akasema, "Bila kujitetea?" Ukaitikia. Akasema, "Utaileta mwenyewe, ukiwa bado una nguvu ya kutembea?" Ukaitikia tena.

Kwa hiyo umeahidi, Mjomba. Mara tatu, mbele yangu. Kidude hakikuwepo, lakini kichwa kilikuwa chako.

Yangu nimeichana mara nne. Kila nikianza, nakuta nimemweleza habari za kiini na matawi, na za yule wa manunuzi aliyegonga kioo. Leo nimeacha yote hayo. Inaanza hivi: "Mwanangu, siku niliyoandika lile neno sikukufikiria hata kidogo. Kengele ilikuwa inanisumbua, nikataka inyamaze."

Ya kwako inaanzaje?

Mpwa wako,
Chiriku